Kabla Jengo Kuukuu Halijafanywa Makavazi: Msanifu Huangalia Nini?

Karibu kila mji wa kaunti una jengo moja la zamani linalojulikana na kila mtu: ofisi ya mkuu wa wilaya ya enzi za ukoloni, jela iliyofungwa, posta ya zamani, au nyumba ya tajiri fulani iliyobaki na popo. Na karibu kila mara wananchi wanapokutana kujadili bajeti, mzee mmoja husimama akapendekeza jengo hilo lifanywe makavazi, au makumbusho kama wasemavyo wengi Pwani. Watu hupiga makofi.

Wazo lenyewe halina kasoro. Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka makavazi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na maktaba na vituo vya michezo na utamaduni. Majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ndiyo yaliyobaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mzee yule ana haki ya kuuliza, na kaunti ina wajibu wa kumjibu.

Matatizo huanza baada ya makofi. Jengo linapakwa rangi, paa linazibwa, makabati ya vioo yanapangwa kando ya kuta, na wananchi wanaombwa kuleta vitu vya kale. Mama mmoja analeta leso ya nyanya yake, mwingine ngoma ya harusi, mwingine picha ya babake akiwa na sare ya King's African Rifles. Misimu miwili ya mvua ikipita, picha imejikunja, ngozi ya ngoma imepasuka, na upande wa leso uliokuwa ukitazama dirisha umepauka kama umefuliwa kwa dawa ya kutoa madoa. Hakuna mwizi aliyeingia. Kilichoharibu vitu ni jengo lenyewe.

Ndiyo maana duniani kuna wasanifu majengo, na kampuni nzima za usanifu, ambao kazi yao kubwa ni makavazi na kumbi za maonyesho. Mwananchi anaweza kudhani kazi hiyo ni ya mapambo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake haionekani kabisa na mgeni anayelipa kiingilio.

Vitu kwanza, kuta baadaye

Msanifu wa ofisi huuliza ni wafanyakazi wangapi watakaa humo. Msanifu wa shule huhesabu wanafunzi. Msanifu wa makavazi huanza na orodha ya vitu: ni vingapi, vimetengenezwa kwa nini, kila kimoja kina uzito gani, ni vya nani, na vitaingilia mlango upi. Orodha hiyo ikikosekana, mchoro wowote unaoletwa ni wa kubahatisha.

Mfano mkubwa kabisa wa siku hizi uko Misri. Makavazi Makuu ya Misri, karibu na piramidi za Giza, yalibuniwa na kampuni ya Heneghan Peng ya Dublin, Ireland, ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa. Ilishinda mwaka 2003 katika shindano la wazi la michoro lililovutia washiriki 1,557 kutoka nchi 82. Ndani ya ukumbi wa kuingilia imesimama sanamu ya Farao Ramses wa Pili, yenye uzito wa takriban tani 83. Sanamu hiyo iliingizwa mapema mwaka 2018, wakati jengo bado linajengwa. Makavazi yalifunguliwa rasmi Novemba 2025, miaka zaidi ya ishirini baada ya shindano.

Kaunti hazina Ramses. Lakini zina mitumbwi, mashine za kukamua mafuta, mizinga, vinu vya mawe na malango ya nakshi, na si mara moja wasimamizi wa makavazi madogo wamelazimika kuuacha mtumbwi nje kwenye mvua kwa kuwa mlango ni mwembamba.

Nyumba zilizorithiwa

Hapa Kenya swali la msanifu lina ugumu wa pekee, kwa sababu makavazi yetu mengi yanakaa katika nyumba zilizojengwa kwa kazi nyingine. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ilitekwa na Waomani mwaka 1698, na Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka 1960. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, nayo ilikuwa jela hadi 1984. Makavazi ya Meru yako katika ofisi ya kikoloni ya utawala. Ya Kapenguria yako katika jela.

Nyumba ya aina hii humpa msanifu faida na adha kwa pamoja. Jela, kwa mfano, ina vyumba vidogo, milango myembamba na madirisha ya juu. Mtu akitaka kuonyesha vyungu humo atabanwa kweli. Lakini Kapenguria hakuna anayekwenda kuangalia vyungu. Watu huenda kuona pale walipofungiwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko wakati wa kesi yao ya 1952 na 1953. Ule ufinyu wa seli ndio maonyesho yenyewe. Msanifu ambaye angebomoa kuta mbili ili kupata ukumbi mpana wenye hewa angekuwa amefuta kile kilichowaleta wageni. Mahali kama hapo kazi nzuri ni kutofanya mengi: kuzuia paa lisivuje, kuweka taa mahali pasipoonekana, na kunyamaza.

Kisumu, kinyume chake, makavazi yalijengwa yakiwa makavazi. Yalifunguliwa mwaka 1980, na kivutio chake kikubwa kiko nje: boma kamili la Waluo, lenye nyumba, maghala na lango. Katika dala, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazamana na lango, na nyingine zote hupata mahali pake kutokana na hiyo. Angekuja msanifu asiyejua hilo, akasogeza nyumba mita chache ili kupata kivuli cha mti au njia ya gari, boma lingependeza machoni na lingekuwa uongo. Kila mzee anayepita angeliona kosa, na kila mtoto wa shule angelibeba nyumbani.

Jua, chumvi na mvuke

Adui wa kwanza wa vitu vya kale ni mwanga. Wataalamu huupima kwa kipimo cha luksi, na kawaida inayofuatwa na makavazi mengi ni kwamba vitambaa, karatasi na picha za zamani zisipigwe na mwanga unaozidi takriban luksi 50. Mbao, mfupa na ngozi isiyotiwa rangi vinaweza kustahimili kama 200. Mawe na chuma havijali sana. Sasa linganisha na jua la saa sita mchana katika nchi yetu, ambalo linaweza kufika luksi 100,000. Dirisha moja lisilo na pazia linatosha kuimaliza leso.

Tena madhara ya mwanga hayarudi nyuma. Kitambaa kilichopauka hakipumziki kikapata rangi upya, na kila saa ya mwanga hujumlishwa juu ya ile iliyotangulia. Kwa hivyo makavazi yenye busara hayaweki kitambaa kimoja ukutani miaka yote. Leso hii huonyeshwa kwa miezi michache, inarudishwa gizani, inawekwa nyingine.

Lakini mgeni anayetoka barabarani juani, akaingizwa moja kwa moja katika chumba cha luksi 50, haoni kitu. Atasema makavazi hayana stima. Macho yanahitaji dakika chache kuzoea, na msanifu ndiye anayezitafuta dakika hizo, kwa kujenga njia inayopungua mwanga hatua kwa hatua.

Hapa wasomaji wa Pwani watagundua kitu wanachokijua. Nyumba ya mawe ya Lamu imepangwa hivyo hivyo. Mtu hutoka barabarani akaingia daka, kisha tekani yenye kona, kisha uwanja wa ndani ulio wazi juu, kisha vyumba virefu vya msana, na mwisho ndani kabisa. Kila hatua ina mwanga mdogo kuliko iliyotangulia na heshima kubwa zaidi. Huko ndani ndiko kulikokuwa na ukuta wa zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vilivyokatwa katika lipu ya chokaa, ambamo familia zenye uwezo zilipanga sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walikuwa wanajenga ukumbi wa maonyesho ndani ya nyumba, na walijua kwamba kitu cha thamani hakiwekwi mlangoni.

Adui wa pili ni unyevu wa hewa, na huyu ana hila. Vitu vingi vya mbao na ngozi huvumilia unyevu wa wastani, tuseme kati ya asilimia 40 na 60. Ukipanda juu ya 65 au 70 na kukaa hapo, kuvu huota. Lakini kinachopasua ngoma mara nyingi ni kupanda na kushuka kila siku. Mbao hunyonya mvuke ikavimba, kisha ikaukauka ikasinyaa, na mchezo huo ukirudiwa mara mia tatu kwa mwaka, ufa hutokea.

Kwa sababu hiyo kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni kinaweza kuwa kibaya kuliko kukosa kiyoyozi kabisa. Hili ni jambo la bajeti kabla ya kuwa la usanifu. Mashine hununuliwa mara moja, na picha za uzinduzi hupigwa. Gharama ya umeme huja kila mwezi. Msanifu mwaminifu atamwuliza mteja wake ni nani atakayelipa stima mwaka wa tano, na jibu likiwa halieleweki, atatafuta njia isiyohitaji mashine: kuta nene, kivuli cha upenu mpana, matundu ya hewa yaliyo juu na chini, paa lenye dari. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za miji ya zamani ya Pwani, zenye unene wa nusu mita au karibu nayo, huchelewesha joto la mchana lisifike ndani mpaka jioni. Kaunti za bara zenye kuta za udongo zina hekima ya aina hiyo hiyo. Bati tupu bila dari halina hekima yoyote.

Kwenye ufuo kuna adui wa tatu, chumvi. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kama sponji. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuusukuma uso wa ukuta utoke kama unga. Fundi asiyejua hufunika ukuta huo kwa saruji ili uonekane imara. Saruji haipumui, maji hukwama nyuma yake, na ukuta huoza ukiwa umefichwa. Chokaa hupumua. Kwa jengo la zamani la Pwani, swali la kama mwanakandarasi anajua kuchanganya chokaa lina uzito kuliko picha za kupendeza kwenye zabuni yake. Ngome ya Yesu yenyewe, iliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, imelazimu ukuta mpya ujengwe upande wa bahari kwa sababu mawimbi yalikuwa yakila mwamba ulioishikilia.

Zanzibar ni funzo zito zaidi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na kutumika baadaye kama makumbusho, lilianza kuporomoka kwa sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka na kuua watu wawili. Jengo lililosimama miaka 137 halikuonyesha siku wala saa. Kabla ya kabati hata moja kuingizwa katika jengo kuukuu, mhandisi wa miundo anapaswa kuipima misingi, kuta na sakafu, na kuandika kwa mkono wake ni watu wangapi wanaruhusiwa kusimama ghorofani kwa wakati mmoja.

Watoto hamsini kwenye chumba cha mita tatu

Wageni wengi wa makavazi ya kaunti ni wanafunzi, na hawaji mmoja mmoja. Wanakuja na basi, darasa zima, wengine hawajafika choo tangu alfajiri. Vyumba vya nyumba za Waswahili vilipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, kwa hivyo upana wake hauzidi sana mita tatu. Darasa la watoto hamsini likiingia humo na kabati limewekwa katikati, walio nyuma hawatasoma lolote na walio mbele wataegemea kioo. Msanifu mzoefu huchora njia ya kuingilia na njia ya kutokea tofauti, huacha mahali ambapo mwalimu anaweza kusimama akasikika, na huweka vyoo kabla ya chumba cha kwanza. Jambo hili la vyoo linachekesha mpaka likosekane.

Urefu wa maandishi nao hupimwa. Kibao kilichowekwa usawa wa macho ya mtu mzima mrefu kiko juu ya kichwa cha mtoto wa gredi ya tatu, na juu ya macho ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Majengo ya kale hayakuijua Katiba hiyo. Kanuni ya kawaida ya wasanifu ni kwamba njia ya kupandia viti vya magurudumu iende mbele sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi tatu au nne zenye kimo cha sentimita 60, ambazo kijana hazitambui, zinahitaji njia ya mita 7.2. Ikiwa mbele ya jengo pana mita nne tu kabla ya barabara, tatizo hilo litatuliwe kwenye karatasi, kwa sababu baada ya ufunguzi litakuwa tatizo la mtu mwingine kubebwa mgongoni.

Halafu kuna ghala. Makavazi karibu yote huonyesha sehemu ndogo tu ya vitu yanavyomiliki. Vingine hukaa stoo, vikisubiri zamu, utafiti au matengenezo. Michoro inayoletwa kwa wawakilishi wadi huonyesha ukumbi, mkahawa na duka la zawadi, na stoo huwa ni kijichumba chini ya ngazi. Mchwa hupenda sana vijichumba vya chini ya ngazi. Ghala linataka sakafu iliyoinuliwa, rafu za chuma zisizogusa ukuta, mlango unaofungwa, na mahali pa kutenga kitu kipya kwa wiki kadhaa kabla hakijachanganywa na vingine, ili nondo na wadudu wa mbao waliokuja nacho wasihamie kwa majirani.

Kitu ambacho huenda hakitaki kioo

Yote hayo yanaweza kupimwa kwa rula au kipimajoto. Kuna swali moja lisilopimika, na ndilo linalowatenganisha wasanifu wanaosikiliza na wale wanaochora tu.

Kigango cha Mijikenda ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa chama cha Gohu. Kwa mila, kikishasimamishwa hakihamishwi. Jua na mvua vikikila, na mchwa wakikimaliza, hapo ndipo kilipokusudiwa kuishia. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa, na vikaishia katika nyumba na makavazi ya Marekani, ambako vilihifadhiwa kwa ustadi wote: mwanga mdogo, hewa iliyopimwa, vumbi hakuna. Familia zilizoibiwa zilihusisha wizi huo na magonjwa na misiba iliyofuata. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa kutoka kwa familia moja ya Kilifi mwaka 1985 vilirudishwa. Vingine 30 vilirejeshwa kutoka Denver mwaka 2019.

Sasa tuseme kaunti ya Pwani inajenga makavazi na inataka kueleza habari za vigango. Kioo, taa ya luksi 200 na kipima unyevu vitakiokoa kigango kisioze. Lakini kukiokoa kisioze ndiko kuivunja mila yake. Kukiacha wazi nje ni kukialika kwa mwizi wa pili. Msanifu hawezi kujibu swali hilo, na msimamizi wa makavazi hawezi, na afisa wa kaunti hawezi. Wazee wa kaya ndio wanaoweza, na pengine jibu lao litakuwa kwamba kionyeshwe cha mfano kilichochongwa kwa ajili ya maonyesho, au picha, au nafasi tupu yenye maelezo kwa nini ni tupu. Jibu lolote litabadilisha mchoro. Ndiyo sababu kuwashirikisha wananchi baada ya ramani kukamilika, ili wasikilize na kupiga picha, ni kupoteza nauli ya kila mtu.

Nairobi walitumia njia ya nakala kwa sababu nyingine. Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, ana mifupa yake ndani ya Makavazi ya Kitaifa na sanamu ya ukubwa wake kamili uani. Watoto hupigwa picha na sanamu, na mifupa inabaki salama.

Yanayoulizwa kwenye baraza

Mradi wa makavazi ukiletwa mbele ya wananchi, kuna mambo wanaoweza kuyauliza bila kuwa wahandisi. Je, orodha ya vitu ipo, au jengo linatafutiwa vitu? Je, jengo limetangazwa kuwa turathi chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006? Kama limetangazwa, halibomolewi wala kubadilishwa bila idhini, hata kama fedha zimeshatengwa, na mwanakandarasi aliyeanza kugonga nyundo anaweza kusimamishwa. Je, msanifu amesajiliwa na bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji gharama, na amewahi kufanya kazi ya aina hii? Kampuni iliyojenga vituo kumi vya afya inaweza kuwa hodari sana na bado isijue kwa nini dirisha la kusini lina tofauti na la magharibi kwa leso.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaruhusu shindano la michoro kama njia mojawapo ya kumpata msanifu. Njia hii haitumiki sana katika kaunti, pengine kwa sababu inachukua muda na inahitaji majaji wanaojua wanachokiangalia. Kwa mradi wa maegesho ya magari si lazima. Kwa jengo litakalobeba kumbukumbu za watu, kuona michoro mitano ya watu tofauti kabla ya kulipa mmoja ni jambo la kufikiriwa.

Swali la gharama ya kuendesha lisiachwe mwishoni wakati watu wanatafuta viatu. Mshahara wa msimamizi na mlinzi, stima, dawa ya mchwa, kuziba paa kila baada ya masika: haya yaonekane kwenye makadirio ya kila mwaka. Kama hayaonekani, jengo litafunguliwa na kufungwa.

Na kwa mwananchi ambaye tayari ameombwa kuleta kitu cha familia, tahadhari chache. Aulize kama anakitoa moja kwa moja au anakikopesha, na hilo liandikwe, likiwa na jina lake, jina la kitu, hali yake siku hiyo na picha. Aombe kuonyeshwa ghala, wala si ukumbi peke yake. Aingie asimame humo dakika tano, anuse kama kuna harufu ya kuvu, aangalie kama kuna njia za mchwa ukutani na madoa ya maji kwenye dari. Akiviona, anaweza kuirudisha leso nyumbani, aifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, aiweke sandukuni mbali na jua, na kusubiri paa lizibwe.